Dafu Linalovuka Bahari

Karara likipasuka na upunga kuchungulia, mkulima wa Damnoen Saduak, mkoani Ratchaburi nchini Thailand, huanza kuhesabu. Kidaka kitakuwa kitale, kitale kitakuwa dafu, na kwenye miezi sita na nusu hadi saba shada hukatwa. Likiwahishwa, maji hayajakolea sukari na nyama bado ni ute. Likicheleweshwa, limeshaelekea kuwa koroma: nyama imenenepa kwa mafuta na utamu wa maji umeshuka.

Wanaoniuliza habari za kusafirisha madafu nje huanza na kontena. Mimi huwauliza wana mnazi gani.

Mnazi wa Ratchaburi, uitwao nam hom, ni mfupi na kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe, hivyo miche hufanana na mama yao. Maji yake yananukia kama mchele wa jasmini, kwa kuwa kemikali inayotoa harufu hiyo ni ileile. Chavua ya mnazi wa aina nyingine huififisha, ndiyo maana mkulima makini hachanganyi mbegu shambani. Kila baada ya wiki tatu hivi kuna shada la kukata. Mashamba ni matuta yenye mifereji ya maji katikati. Mashada hutiwa mferejini yakaelea hadi yanapokusanywa, hayachubuki wala hayapasuki.

Kisha makumbi huchongwa mpaka libaki tabaka jeupe, chini bapa, juu kama paa la msonge. Uzito hupungua, na nauli nayo. Lakini dafu lililochongwa hugeuka rangi kama bilinganya iliyokatwa, kwa hiyo huchovywa kwenye maji ya sodiamu metabisalfaiti, likakaushwa na kuvishwa nailoni. Kipimo cha dawa hiyo kisikadiriwe kwa macho, kwani salfaiti inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Mara nyingi huingia tisa kwa katoni, na kontena huwekwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 4 hivi. Kisu kikigusa kifuu na kuacha ufa mwembamba kama unywele, dafu litafika limevuja.

Kwetu Mafia, Pemba au Kilifi, mnazi mrefu wa Afrika Mashariki huchavushana na jirani zake. Miti miwili iliyosimama pamoja huzaa madafu yasiyolingana. Mkwezi hulijua dafu kwa rangi na kwa kuligonga, akalishusha kwa kamba, nami naheshimu sana ujuzi huo. Ila kujaza kontena madafu ya umri mmoja kutoka miti ya mita 20 ni kazi nyingine kabisa. Mwenye minazi hiyo namshauri aanze na nazi pevu ya miezi 12.

Nazi hiyo ifuliwe kwenye kifuo, lakini kishungi cha makumbi kibaki juu ya macho matatu. Jicho moja ni laini, mche hutokea hapo, na likiachwa wazi ukungu hupenya. Kwenye joto la kawaida nazi iliyofuliwa hudumu wiki mbili hivi. Kwenye nyuzijoto 0 hadi 1.5, yapata miezi miwili. Kabla ya kufungwa gunia, kila moja itikiswe sikioni, na isiyolia maji iwekwe kando, ikakunwe siku hiyohiyo.