Programu Uliyoikuta, Nani Kaileta?

Haipiti siku hapa kibandani kwangu ninapotengeneza simu, Kibokoni katika Mji wa Kale, bila mtu kunambia, "Imejiweka yenyewe, wallahi sikugusa kitu." Husema hivyo mzee anayekwenda barazani kunywa kahawa, husema hivyo msichana wa chuo. Simbishii mtu. Naipokea simu, na ile programu ngeni siigusi kwanza, natafuta iliyoileta. Anayeifuta tu na kwenda zake huikuta tena baada ya siku mbili, safari hii imekuja na mwenzake.

Kwa kawaida kwenye Android programu haiingii bila idhini ya mwenye simu au ya kampuni iliyoitengeneza simu. Tangu toleo la 8, lililotoka 2017, idhini ya kuweka programu kutoka nje ya Play Store hutolewa kwa kila programu peke yake: kivinjari kina yake, WhatsApp ina yake, Xender ina yake. Uliyoipa siku ile ulipopokea faili la rafiki inabaki nayo mpaka uinyang'anye. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya programu, utafute ukurasa wa ruhusa maalumu. Humo mna orodha ya zinazoruhusiwa kusakinisha programu zisizojulikana. Zima zote. Play Store haihitaji ruhusa hiyo, kwa hivyo hutaharibu kitu.

Mtaani kwetu ruhusa hiyo mara nyingi hutolewa kwa ajili ya WhatsApp za kuchonga, yaani zilizobadilishwa na watu wengine: GB, FM, Yo. Hazimo Play Store, hupitishwa mkono kwa mkono. Binti mmoja akiwa nayo, kufikia usiku wa kupaka hina kundi zima la harusi linayo. Agosti 2021 wataalamu wa Kaspersky walitangaza kwamba toleo la 16.80.0 la FM WhatsApp lilikuwa na kirusi kiitwacho Triada, ambacho kazi yake ni kushusha programu nyingine kimyakimya, kufungua matangazo na kumwandikisha mwenye simu katika huduma za kulipia. Mwaka uliofuata kikaonekana ndani ya YoWhatsApp. Mwaka 2023 wakakuta kidudu kingine, cha upelelezi, ndani ya WhatsApp za namna hiyo zilizosambazwa kwa Telegram, na miongoni mwa nchi zilizopigwa zaidi zikatajwa Yemen na Saudia. Nusu ya Mji wa Kale ina ndugu Hadhramaut au Jeddah, na faili husafiri pamoja na salamu.

Wanaozipenda hunambia wanataka laini mbili na kusoma bila kuonekana. WhatsApp yenyewe inakubali namba mbili kwenye simu moja ya Android tangu Oktoba 2023, na zile alama za buluu huzimwa ndani yake. Kusoma ujumbe uliofutwa haikupi, na mimi naona aliyeufuta alikuwa na sababu yake. Jambo jingine: maelekezo ya kuweka hizo za kuchonga mara nyingi huanza kwa kukuambia uzime Play Protect, ukaguzi wa usalama wa Google. Mtu anayekuomba umfukuze mlinzi kabla hajaingia, hilo si la kufikiria mara mbili. Google ilianza Singapore mwaka 2024 majaribio ya kuipa Play Protect uwezo wa kuzuia programu za nje zinazotaka kusoma meseji za simu, kisha majaribio hayo yakafika Kenya. Iache ikiwa imewashwa.

Wako pia wasiokuwa na kosa lolote. Mjomba karudi kutoka Dubai na Samsung ya zawadi, bado ina karatasi yake, na ndani imeshajaa michezo. Mwezi wa Mei 2025 shirika la SMEX la Lebanon liliiandikia Samsung barua ya wazi kuhusu AppCloud, programu inayopendekeza na kuweka programu nyingine, iliyokutwa kwenye simu zake za jamii za A na M zinazouzwa Asia Magharibi na Afrika Kaskazini. Haina kitufe cha kuiondoa. Huzimwa, na kila mfumo ukisasishwa inafaa uitazame kama imeamka. Simu nyingi za bei ya chini nazo huja na duka la pili la programu, la kampuni iliyozitengeneza. Lifungue, uzime kupakua kwake kwa Wi-Fi na arifa zake. Unafuu wa bei hulipwa na mtu, na mara nyingi ni mtangazaji.

Kesi mbaya kuliko zote katika soko la Afrika ilitangazwa Agosti 2020. Kampuni ya Upstream, pamoja na waandishi wa BuzzFeed News, walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika zilikuwa na Triada na kirusi kingine, xHelper, tangu kwenye boksi. Transsion, wenye Tecno, walikiri kwamba baadhi zilikuwa navyo, wakasema viliingizwa na muuzaji mmoja katika mnyororo wa ugavi. xHelper hurudi hata simu ikirejeshwa kama ilivyotoka kiwandani, kwa kuwa hujificha ndani ya mfumo. Simu ya namna hiyo huwekewa mfumo upya, nao utoke kwa kampuni yenyewe.

Lakini kinachowashangaza wateja wangu zaidi ni barua pepe, yaani akaunti ya Google. Muuzaji humwashia mteja simu, na kwa kuwa mteja hana akaunti, humwekea ya dukani, hiyo hiyo aliyowawekea wengine. Sasa, Play Store inaweza kutuma programu kwenye simu yoyote iliyo chini ya akaunti hiyo, hata kutoka kwenye kompyuta, na ina swichi ya kuzieneza programu za simu moja kwa zote. Bi mmoja wa Kuze alikuwa akishushiwa michezo ya mpira na kijana asiyemjua, aliyenunua simu duka moja naye. Tulijua tulipoona majina ya watu wa Likoni katika orodha yake ya namba. Hapo hamisha kwanza picha na namba zako, uitoe akaunti ile, ufungue yako. Ukiirejesha simu kama ilivyotoka kiwandani kabla ya kuitoa akaunti ile, inaweza kukudai nywila usiyoijua.

Programu ikikataa kufutwa, itazame kwenye orodha ya wasimamizi wa kifaa uivue cheo hicho. Matangazo yakikuzuia hata kufika huko, fungua menyu ya kuzima simu, ubonyeze kwa muda neno la kuzima mpaka ikuulize kuhusu hali salama. Humo zilizoongezwa baadaye hazifanyi kazi, nawe unafuta kwa utulivu.

Moja siiondoi. Simu za kulipia kidogo kidogo, kama za Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom iliyoanza 2020, zina programu ya kuzifunga malipo yakichelewa. Huletwa kwangu zikidaiwa kuwa na kirusi. Programu hiyo imo katika mkataba, na deni likiisha haiifungi simu tena. Wako mafundi wanaoibandua kwa kupakia mfumo waliouokota mtandaoni, kisha simu hizo huja kwangu zina matangazo mpaka kwenye skrini iliyofungwa, na mwenyewe anaapa hakugusa kitu.