Somo la Upigaji Picha: Theluji na Kivuli Katika Picha Moja

MWALIMU: Leo tutajifunza kuunganisha picha tatu za mahali pamoja ziwe picha moja. Mwenzangu yu hapa, naye amekuja na picha aliyoipiga Moshi.

MWANAFUNZI: Ndiyo, Mwalimu, ila naona haya kuionyesha. Nilisimama migombani asubuhi, jua likiangaza Kibo. Migomba imetoka vizuri, lakini theluji imekuwa nyeupe tupu kama karatasi. Nimejaribu kuitia giza katika kompyuta, imegeuka kijivu tu.

MWALIMU: Haitarudi. Kila chembe ya kihisio cha kamera ni kama ndoo mvuani. Ndoo ikijaa, maji yamwagika, wala huwezi kujua baadaye yalimwagika kiasi gani. Theluji yako ilizijaza ndoo zote sawasawa. Ndiyo sababu hapakubaki ufa wala kivuli. Dawa yake ni kupiga picha tatu mfululizo. Mathalani, ya kwanza kwa 1/60 ya sekunde; ya pili kwa 1/250, ili theluji ipone; ya tatu kwa 1/15, ili kivuli cha migombani kionekane. Usiguse tundu la lenzi, wala fokasi, wala hesabu ya ISO. Badilisha muda peke yake.

MWANAFUNZI: Na kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu, kuna haja ya kuzioanisha?

MWALIMU: Ipo. Kidole chatikisa, udongo wadidimia. Ukizipanga hivi hivi, mlima utapata kingo mbili. Programu kama Hugin, ambayo hutolewa bure, hutafuta alama zilizomo katika picha zote: pembe ya jiwe, shina la mti, ukingo wa paa. Kisha huisogeza na kuizungusha kila picha mpaka alama zilingane barabara. Pembeni hubaki mapengo ya kukatwa. Kwa hiyo unapopiga, acha nafasi kidogo kando kando. Kuoanisha kwanza, kuchanganya baadaye.

Kuchanganya kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiachia programu. Kwa kila mahali, programu huuliza: katika picha ipi hapa si peupe mno wala peusi mno, na rangi yake imekolea? Picha hiyo hupewa uzito mkubwa kuliko wenzake. Mertens, Kautz na Van Reeth waliieleza njia hii mwaka 2007.

Ya pili ni ya mkono, mathalani kwa programu ya GIMP. Weka picha ya mwanga mwingi chini, na ya giza juu yake. Itie ile ya juu kifuniko cheusi. Katika kifuniko, nyeusi huficha, nyeupe hufunua. Chukua brashi laini yenye rangi nyeupe, upite juu ya theluji polepole. Brashi ikiwa ngumu, mlima utazungukwa na mstari kama uzi.

MWANAFUNZI: Na majani ya migomba yanayopepea?

MWALIMU: Jani lililohama litaonekana mara mbili kama mzuka, na kuoanisha hakutaliponya. Chagua picha moja tu kwa majani yote, ufiche nyingine mahali pale.

MWANAFUNZI: Jirani yangu asema huu ni udanganyifu.

MWALIMU: Ana haki ya kuuliza. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu ya mbingu na negativu ya bahari, na mara nyingine alitumia mbingu ile ile kwa bahari nyingine. Hiyo ni sanaa. Lakini barafu ya Kilimanjaro yataka ushahidi. Wataalamu walipima, wakaona kwamba kati ya 1912 na 2007 ilipotea asilimia 85 ya eneo lake. Wajukuu wetu watazitazama picha hizi wajue barafu iliishia wapi. Picha tatu za dakika moja zaonyesha yaliyokuwapo. Theluji ya mwaka jana ikibandikwa juu ya mlima wa leo, huo ni uongo. Basi hifadhi pia picha zote tatu kama zilivyotoka katika kamera.

Wasikilizaji, zoezi lenu: mchana, mkiwa chumbani, pigeni picha tatu za dirisha, mziunganishe mpaka ukuta na mti wa nje vionekane pamoja. Kwaherini hadi juma lijalo.