Figo Hazipigi Kelele Zinapoumia

"DAKTARI, mimi siumwi popote. Ni hii miguu tu."

Hayo ndiyo maneno ya dereva mmoja wa matatu aliyefika katika kliniki yangu jioni moja, viatu vikiwa havifungiki tena. Alikuwa na umri wa miaka 41. Alidhani miguu ilikuwa imefura kwa sababu ya kuketi kwenye usukani kutwa nzima. Nilipompima presha, ilikuwa 210 kwa 120. Mkojo wake ulijaa povu, na kipimo cha damu kikaonyesha kwamba figo zake zilikuwa zimebakiwa na nguvu kidogo mno.

Nilipofungua faili yake niliona haya. Miaka 6 awali nilikuwa nimempima mimi mwenyewe, nikaona presha iko juu na kumwandikia tembe. Alizimeza mwezi mmoja, akajiona mzima, akaacha. Sikuwa nimemweleza kwa nini mtu asiyeumwa anywe dawa kila siku. Mpenzi msomaji, makala haya ni maelezo ambayo ningempa siku ile.

Kutoka seli hadi mfumo

Mwili wako umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo mno zisizoonekana bila hadubini. Kila seli ni kama karakana: hupokea chakula na oksijeni, hufanya kazi yake, kisha hutoa taka. Lakini kazi zao si moja. Chembe nyekundu ya damu hubeba oksijeni na huishi kwa siku zipatazo 120. Seli ya msuli hujikunja na kujinyoosha. Seli ya neva hupitisha ujumbe.

Seli zinazofanana zikishikamana kufanya kazi moja, tunaziita tishu. Tishu za aina mbalimbali zikiungana, tunapata ogani, kama vile moyo, ini au figo. Nazo ogani zikishirikiana huwa mfumo. Figo mbili, mirija inayoteremsha mkojo, kibofu na njia ya kuutoa nje ndizo mfumo wa mkojo.

Mifumo hii hutegemeana. Hata moyo ukiwa imara namna gani, taka za seli zisipoondolewa katika damu, nao utadhoofika. Hapo ndipo figo huingia.

Vichujio milioni moja

Weka mikono kiunoni, vidole gumba vikielekea mgongoni. Juu kidogo ya hapo, kila upande wa uti wa mgongo, kuna figo moja yenye umbo la haragwe na urefu wa sentimita 11 hivi. Kila dakika, zaidi ya lita moja ya damu hupita katika figo zote mbili. Hiyo ni karibu sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo ukiwa umepumzika.

Ndani ya kila figo mna vichujio vipatavyo milioni 1, viitwavyo nefroni. Mwanzo wa nefroni ni kifundo cha vishipa vyembamba vya damu. Vishipa hivyo vimekumbatiwa na seli zenye vidole vilivyopitana, mithili ya vidole vya mikono miwili iliyoshikana, na kuacha mianya midogo sana. Maji, chumvi, sukari na taka hupenya. Chembe za damu na karibu protini zote huzuiwa.

Kwa siku moja, lita 180 hivi huchujwa. Lakini hakuna anayekojoa lita 180! Mrija unaofuata una seli za aina nyingine, ambazo kazi yao ni kurudisha katika damu karibu sukari yote, chumvi nyingi na takriban asilimia 99 ya maji. Ni kama mwenye nyumba anayetoa vyombo vyote nje, kisha akarudisha vyenye faida na kuacha takataka. Kinachobaki ni lita 1 au 2 za mkojo.

Isitoshe, figo hutoa homoni inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Ndiyo maana mgonjwa wa figo mara nyingi hupungukiwa na damu.

Mbona hazilalamiki?

Ngozi ikichunika, huota nyingine. Ini likikatwa kipande, hukua tena. Lakini nefroni ulizo nazo ni zile ulizozaliwa nazo, na iliyokufa haifufuki. Presha ya juu huvipiga vile vishipa vyembamba mwaka baada ya mwaka, hadi vikageuka kovu. Sukari nyingi katika damu huleta madhara kama hayo. Nefroni zilizosalia hubeba mzigo wa wenzao, na kwa hivyo mtu anaweza kupoteza nusu ya uwezo wa figo asihisi lolote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dereva wangu sasa husafishwa damu kwa mashine mara 2 kwa wiki, saa 4 kila mara. Usukani ameuacha. Nduguye anapimwa kuona kama anaweza kumpa figo moja, kwa kuwa mtu mwenye afya anaweza kuishi na figo moja tu. Upasuaji wa aina hii ulifanikiwa kwa mara ya kwanza mjini Boston, Marekani, mwaka 1954, pacha alipompa pacha mwenzake figo.

Ufanye nini?

Pima presha angalau mara moja kwa mwaka, hata ukiwa mzima. Ikiwa una presha ya juu au kisukari, mwombe daktari apime protini katika mkojo na kreatinini katika damu. Usiache tembe kwa sababu unajisikia vizuri. Huenda unajisikia vizuri kwa sababu ya tembe hizo.

Usinunue ibuprofeni au diklofenaki kila uchao bila ushauri, kwani zinaweza kudhuru figo. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, ukihesabu na ile iliyo katika vyakula vya madukani. Na ukiona uso umevimba asubuhi, mkojo una povu lisiloisha, au unaamka mara nyingi usiku kukojoa, usingoje maumivu.

Siku hizi, kila ninayemwandikia tembe za presha humchorea figo kwenye karatasi kabla hajaondoka. Wewe sina nafasi ya kukuchorea. Lakini kupima presha ni shughuli ya dakika chache tu katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Nenda wiki hii.