Si Kila Maumivu ya Tumbo ni Vidonda: Fahamu Uvimbe wa Kongosho

Wakazi wengi wakishikwa na maumivu makali ya tumbo husema, "Ni vidonda tu," kisha hukimbilia kemisti kununua dawa ya asidi. Lakini maumivu hayo yanaweza kutoka kwenye kongosho, na hapo kukawia nyumbani kunahatarisha maisha.

Kongosho ni kiungo chenye urefu wa takriban sentimita 15, kilicho nyuma ya tumbo. Hutengeneza insulini, inayodhibiti sukari, na juisi za kusaga chakula. Kwa kawaida juisi hizo huanza kazi zikifika utumboni. Zikianza kazi zikiwa bado ndani ya kongosho, hulishambulia kongosho lenyewe nalo huvimba.

Husababishwa na nini?

Sababu kuu ni mbili: mawe ya kibofu cha nyongo yanayoziba njia ya juisi hizo, na unywaji wa pombe nyingi kwa muda mrefu. Mafuta yaliyozidi sana katika damu pia huchangia. Kwa hivyo, tusimhukumu mgonjwa kuwa mlevi; hata asiyeonja pombe huugua.

Nenda hospitalini mara moja ukiona:

• Maumivu makali sehemu ya juu ya tumbo, yanayopenya hadi mgongoni
• Kutapika kusikokoma
• Homa au moyo kwenda mbio
• Macho kugeuka manjano

Usisubiri kupambazuke. Daktari atapima damu na huenda akaagiza picha ya altrasaundi. Mgonjwa hulazwa, huwekewa maji kupitia mshipa na kupewa dawa za maumivu. Wengi hupata nafuu baada ya siku chache, ila ugonjwa ukiwa mkali unaweza kuathiri figo na mapafu.

Uvimbe ukijirudia, kongosho linaweza kuharibika kabisa. Mgonjwa hukonda, hupata choo chenye mafuta, na anaweza kupata kisukari.

Jikinge

Aliyewahi kuugua aache pombe na sigara kabisa. Mwenye mawe ya nyongo yanayomsumbua asiahirishe matibabu. Tupunguze vyakula vya mafuta mengi na tudhibiti uzani.

Ukiwa na swali, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii kijijini mwako au fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.