Shimo la Mizoga ni la Nani?

Kiangazi kinapokaribia ukingoni, katika kata ya Nyalikungu, ambamo ndimo ulimo mji wa Maswa, mkoani Simiyu, hupita mdondo, maradhi ambayo wengine huyaita kideri, na kuku wasiochanjwa huweza kufa 9 kati ya 10 katika siku chache. Aghalabu wenyewe hawangojei hatima: anayesinzia huchinjwa, aliye mzima bado hukimbizwa mnadani, na waliokufa usiku hutupwa korongoni, ambako mbwa na fisi huwahi kufika na kuyapa maradhi miguu ya kwendea boma la jirani.

Amma sheria haikuliacha jambo hili bila mwenyewe; pengine imelipa wenyewe wengi mno. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 imewapa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo na wakaguzi walio chini yake madaraka ya kuzuia wanyama wasitolewe penye maradhi na ya kuamuru mizoga iangamizwe. Wakala wa Maabara ya Veterinari, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye kituo Mwanza, hupima sampuli na kutamka ni ugonjwa gani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziachia serikali za mitaa dhamana ya taka. Na bwana afya naye ana Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Kila ofisi, basi, ina neno lake juu ya mzoga, ilhali jembe linabaki mkononi mwa mjane aliyepoteza kuku wake wote, ambaye hutakiwa achimbe shimo refu hata udongo wa kufukia usipungue mita 1.

Na udongo wenyewe una tabia zake. Wasukuma tangu zamani wameupambanua kwa majina: luseni, ule wa kichanga, huchimbika kwa wepesi, lakini hupitisha maji upesi, na majirani hunywa maji ya visima vya karibu; mbuga, ule mweusi wa bondeni, hushika maji, lakini hupasuka nyufa wakati wa jua na kufurika wakati wa masika. Kuchoma nako si rahisi, maana kuni Usukumani ni mali. Si bure kwamba mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986 kurudisha miti katika mkoa wa Shinyanga, ambao wakati ule Maswa na Bariadi zilikuwa ndani yake.

Mdondo hauui watu, na huenda ndiyo maana hakuna ofisi inayolishika jembe. Kama ungekuwa mafua ya ndege, mambo yangekuwa mengine. Januari 2017 ndege wa porini walipokutwa wamekufa kando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, hofu ilivuka mipaka, na Busega, wilaya ya mkoa huu huu wa Simiyu, inaligusa ziwa hilo hilo.

Kwa rai yangu, halmashauri, ambayo ndiyo mwajiri wa afisa mifugo wa kata na ndiyo yenye uwezo wa kutunga sheria ndogo, ingefaa iteue mahali pa kuzikia mizoga kabla ya kiangazi, kwa shauri la wazee wanaojua maji yanakopita, na imlipe mchimbaji. Gharama hiyo ni ndogo, na ingepungua zaidi kama chanjo ya mdondo itengenezwayo Kibaha, tone 1 jichoni, ingefika bomani kila baada ya miezi 3.