Mzizi Usioonekana: Usanidi wa Mfumo wa Mafaili na Kompyuta Zisizowaka katika Mazingira ya Awasse

Awasse, katika wilaya ya Mocímboa da Praia, ni njia panda inayojulikana zaidi kwa kituo chake cha kupozea umeme. Kituo hicho kiliharibiwa katika mashambulizi ya waasi, na wilaya kadhaa za kaskazini mwa Cabo Delgado zikakosa umeme. Eneo lenyewe lilikombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda mwezi Julai 2021. Huduma zinaporejea mahali pa namna hiyo, kompyuta nazo huweza kurejea kwa viraka: diski iliyosalimika huchomekwa katika mashine nyingine, nayo mashine ikakataa kuwaka. Ni rahisi kuamua kwamba diski imekufa na kusakinisha mfumo upya. Uamuzi huo ndio unaofuta daftari la chanjo au orodha ya waliohamishwa na vita, ilhali kosa lilikuwa la mstari mmoja.

Katika Linux, kipakizi cha GRUB hupakia kiini pamoja na mfumo mdogo wa muda uitwao initramfs, kisha hutaja ulipo mzizi, yaani sehemu ya diski yenye mafaili ya mfumo endeshi. Mzizi ukitajwa kwa jina kama /dev/sda2, jina hilo hutegemea jinsi vifaa vilivyotambuliwa wakati wa kuwaka. Diski ikihamishwa, au flashi ikiachwa kwenye tundu, sda yaweza kuwa sdb. Mzizi usipopatikana, kwa kawaida initramfs husimama na kusubiri amri.

Hapo amri ya blkid, pale ilipo, hutoa uamuzi wa kwanza. Sehemu ya mzizi ikionekana pamoja na kitambulisho chake cha UUID, kinachoshukiwa kwanza ni anwani, si diski. Isipoonekana diski yoyote, huenda initramfs haina programu ya kuendeshea kidhibiti cha diski cha mashine mpya; basi huundwa upya kwa kutumia flashi ya uokoaji. Madhara ya umeme kukatika ghafla ni suala jingine, na hushughulikiwa kwa fsck.

Anwani husahihishwa kwa kubonyeza e kwenye orodha ya GRUB na kuandika root=UUID= pamoja na kitambulisho. Marekebisho hayo hudumu kwa uwashaji mmoja tu. Ya kudumu hufanywa katika /etc/fstab na katika usanidi wa GRUB. (Anayetafsiri UUID ni initramfs, mfumo usio nayo hutumia PARTUUID.) Diski ya nakala nayo iandikwe nofail katika fstab, la sivyo kuondolewa kwake huweza kuuangusha mfumo wote katika hali ya dharura baada ya sekunde 90.

Kwa washauri wa sera, ugumu mkubwa zaidi ni wa lugha. Ujumbe wa kiini hutolewa kwa Kiingereza hata kama mfumo umewekwa katika Kireno, na mhudumu wa Awasse huenda anazungumza Kimakonde, Kimwani au Kiswahili. Mkataba wa msaada wa kompyuta unaweza kudai mambo matatu yasiyo na gharama kubwa: mzizi utajwe kwa UUID, flashi ya uokoaji iambatane na kila mashine, na karatasi ya maelezo ya hitilafu hizi iandikwe katika lugha inayosomwa na atakayeiwasha.