Msanii wa kwetu anahitaji nini kwanza: pesa ao nafasi?

Wandugu, kila mara tunapogusa mambo ya sanaa kati yetu, neno la kwanza linalotoka ni lile lile: Leta haitusaidii. Ni kweli. Lakini muulize yule anayelalamika, "Wakikupa dola elfu moja leo, utazifanyia nini?" Wengi wanajibu: nitaingia studio, nitatoa klipu. Sawa. Na kisha klipu? Hapo kimya.

Tufanye hesabu kidogo. Vijana watano wa Banalia, wachezaji wa ngoma, wanaalikwa kwenye ndoa hapa Kisangani. Ni kilomita 128 kwa barabara ya Buta, na wanaotoka ng'ambo ya Aruwimi sherti wavuke mto kwanza. Mwenye ndoa analipa, tuseme, dola 150. Moto tatu za kubeba watu na vyombo, kwenda na kurudi, dola 60. Kukodi sono, 40. Esanse ya jenereta juu umeme umekatika, 10. Chakula, 15. Zinabaki 25, kila mtu tano. Na mazoezi ya wiki tatu hakuna aliyeyahesabu. Hii ni mfano tu, badilisha namba upendavyo, lakini utaangukia karibu na pale pale.

Sasa angalia ni nini kimekula zile pesa. Njia, umeme na vyombo. Yaani vitu ambavyo mji ungekuwa navyo kwa wote, msanii peke yake asingevilipia kila mara. Ndiyo maana ukimpa msanii mmoja dola elfu, zinapita mkononi mwake tu na kuishia kwenye jenereta ya mtu mwingine. Sisemi pesa ni mbaya. Nasema ikiwa hakuna mahali pa kufanyia mazoezi na hakuna chombo cha pamoja, hazikai.

Mfano mzuri hatuutafuti mbali. Faustin Linyekula alizaliwa Ubundu mwaka 1974, akakulia hapa Kisangani. Mwaka 1993 aliondoka, akafika Nairobi, na kule mwaka 1997 akaanzisha pamoja na wenzake kampuni ya densi, Gàara. Aliporudi nchini alianzisha Studios Kabako, Kinshasa, mwaka 2001. Miaka michache baadaye akaihamishia kazi yake Kisangani. Wengi walishangaa. Mchezaji anayeitwa na majumba makubwa ya Ulaya anarudi kufanya nini mji ambao vita vya siku sita vya Juni 2000 viliubomoa, na reli na mashua zake zinasuasua?

Ninachokipenda kwake ni namna alivyofikiri juu ya jengo. Hakuomba ukumbi mmoja mkubwa katikati ya mji, wenye jiwe la msingi na picha ya gavana. Pamoja na mbunifu wa majengo Bärbel Müller, walifikiri sehemu ndogo ndogo zilizotawanyika katika mitaa, kama mganga anayechoma sindano mahali padogo ili mwili wote usikie. Sehemu moja wapo ni Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, komini ambayo wengi wetu tunaikumbuka tu tukiwa na safari ya huko. Walipoongea na wenyeji, shida ya kwanza haikuwa densi. Ilikuwa maji ya kunywa. Basi kikundi cha wachezaji kikaingia katika mradi wa majaribio wa kusafisha maji! Mwaka 2014 walipata zawadi ya kwanza ya Curry Stone, ambayo ni zawadi ya ubunifu wa kijamii, kwa ajili ya ile kazi ya Kisangani na hasa Lubunga.

Mtu atauliza, maji yanaingilia wapi katika sanaa? Yanaingilia hapa: mama anayepata maji karibu na mahali mnapofanyia mazoezi hatawafukuza kwa sababu ya kelele. Mtoto wake atakaa kuwaangalia. Mmeshapata watazamaji, na watazamaji ndio soko.

Ila tusidanganyane. Kazi ya Linyekula inategemea sana safari na washirika wa nje, na si kila mmoja wetu ataitwa Avignon. Tena Lubunga yenyewe, mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulichoma nyumba na kukimbiza watu. Kisima na ukumbi haviwezi kuzuia hayo.

Ona pia Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani aliyesomea uganga kisha akaingia katika warsha za filamu. Examen d'État, ya 2014, ni sisi wenyewe tukihangaika na mtihani. Ile ya 2020, En route pour le milliard, inawafuata wahanga wa vita vya siku sita wakishuka mto hadi Kinshasa kudai malipo yao. Ilichaguliwa rasmi Cannes. Warsha tu, yaani chumba, mwalimu na kamera za pamoja. 

Upande wa sheria, si kwamba hakuna kitu. Katiba, kifungu cha 46, inalinda uhuru wa kuunda sanaa na haki za mtunzi. Sheria ya haki za mtunzi ni ya 1986, Mfuko wa Maendeleo ya Utamaduni ni wa 1987, SOCODA ni ya 2011. Kwa maoni yangu ubaya ni kwamba mlango wa hivi vyote unaonekana kutoka Kinshasa, hauonekani kutoka Banalia. Lakini kuna mlango mmoja ulio karibu: sheria ya OHADA, ambayo nchi yetu iliingia 2012, inamtambua mfanyakazi mdogo anayeitwa entreprenant. Huyo anatoa tangazo tu kwenye daftari la biashara, hahitaji kuunda kampuni. Ukishakuwa na namba, unaweza kuandika fakture, na mwenye ndoa anayelipa kwa fakture hakati bei njiani.

Sisi tuliosoma sheria na uchumi, kazi iko hapo. Kijana wa ngoma hahitaji hotuba yetu. Anahitaji mtu amjazie ile karatasi, amwandikie mkataba wa ukurasa mmoja, amfundishe kuweka mazoezi ndani ya bei. Na kwa Banalia, tafuteni shule iliyo tupu alasiri. Darasa moja, ufunguo kwa mtu mmoja mwaminifu, na sono moja ya kununua kwa mchango ili vikundi vyote viitumie kwa bei ndogo ya matengenezo. Kwa hesabu yetu ya pale juu, wale watano wangerudi kila mtu na karibu dola 13 badala ya tano, kabla ya kutoa ile bei ndogo ya matengenezo, hata barabara ikibaki vile ilivyo.